Hewa na Petroli: Kurekebisha Mlisho wa Mafuta wa Pikipiki Iliyobadilishwa

Katika kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji, makazi mengi yako kwenye miinuko, ilhali mashamba ya mpunga na mahindi yako bondeni karibu na mto. Mpangilio huo una historia yake. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na wakulima wengi waliokuwa wakiishi bondeni wakahamishiwa sehemu za juu. Tangu hapo umbali kati ya nyumba na shamba umekuwa sehemu ya maisha ya Mrufiji. Kwa miaka mingi umbali huo ulikatwa kwa miguu na kwa baiskeli. Siku hizi aghalabu hukatwa kwa pikipiki. Pikipiki hiyohiyo ndiyo impelekayo mama mjamzito zahanati usiku, ndiyo ichukuayo samaki na ufuta kwenda Ikwiriri na Kibiti, na ndiyo impayo kijana riziki yake ya kila siku.

Kwa sababu hiyo, si ajabu kwamba mwenye pikipiki hupenda kuiongezea nguvu. Mmoja hubadili bomba la moshi, yaani ekzosi, na kufunga lililo wazi zaidi. Mwingine huondoa chujio la hewa ili injini ipumue vizuri. Mwingine hutanua jeti ya kabureta kwa waya. Baada ya muda injini huanza kukohoa, kula petroli kupita kiasi au kupata joto jingi, na hatimaye pistoni hutoboka. Kijana aliyechukua chombo kwa mkataba, ambaye hapana budi apeleke hesabu kwa mwenye mali kila jioni, hubaki na deni na chuma kisichotembea.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mabadiliko hayo huharibu uwiano wa hewa na petroli, na jinsi uwiano huo unavyoweza kurudishwa nyumbani kwa vifaa vichache na kwa mpango. Yataelezwa mambo ya kabureta, ambayo ndiyo iliyomo katika pikipiki nyingi za bodaboda, na mambo ya injekta, ambayo inazidi kuenea. Nchini India, zinakotengenezwa pikipiki nyingi zionekanazo katika barabara za Tanzania, viwango vya moshi vilivyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020 vilifanya karibu pikipiki zote mpya zinazouzwa humo zitumie injekta. Fundi wa leo yampasa azijue njia zote mbili.

INJINI INAHITAJI HEWA KIASI GANI?

Petroli peke yake haiungui. Huungua pale tu inapokutana na oksijeni iliyomo hewani. Petroli ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi za kaboni na hidrojeni, na mojawapo ya zile zinazoiwakilisha vizuri ni okteni, ambayo molekuli yake ina atomu 8 za kaboni na 18 za hidrojeni. Molekuli 2 za okteni huhitaji molekuli 25 za oksijeni ili zigeuke kuwa molekuli 16 za kaboni dayoksaidi na 18 za maji. Kwa hesabu ya uzito, gramu 1 ya okteni huhitaji takriban gramu 3.5 za oksijeni. Maadamu oksijeni ni karibu asilimia 23 tu ya uzito wa hewa, gramu hiyo moja itahitaji kiasi cha gramu 15 za hewa. Kwa petroli ya kawaida, yenye kampaundi mbalimbali, kipimo kinachotumiwa na wahandisi ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli.

Uwiano huu wa 14.7 kwa 1 ndio unaounguza petroli yote bila kubakiza oksijeni. Hata hivyo, injini haihitaji uwiano huo wakati wote. Inapotakiwa kutoa nguvu zake zote, kama vile kupanda mlima na mzigo, hufanya vizuri zaidi kwenye uwiano wa 12.5 hadi 13 kwa 1. Inapotembea polepole kwenye tambarare, huweza kubana matumizi kwa uwiano wa 15 hadi 16 kwa 1. Mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi utaitwa hapa mchanganyiko mzito, na ule wenye petroli kidogo utaitwa mchanganyiko mwepesi.

Msomaji atashangaa kidogo akifanya hesabu ya hewa hiyo. Lita 1 ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ili iungue yote huhitaji takriban kilo 10.9 za hewa. Katika nyanda za chini kama Rufiji, kwenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, mita 1 ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.17. Kwa hiyo lita moja ya petroli huhitaji zaidi ya mita 9 za ujazo za hewa. Dereva anayetumia lita 3 kwa siku huifanya injini yake ivute takriban mita 28 za ujazo, yaani hewa yote ya chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 3. Jambo hili lihifadhiwe akilini, kwani litarejewa yatakapozungumzwa mambo ya chujio.

Kwa upande mwingine, kipimo cha petroli katika kila mvuto mmoja ni kidogo mno. Injini ya sentimita 125 za ujazo, silinda yake ikijaa kabisa, huvuta takriban miligramu 146 za hewa. Petroli inayostahili hewa hiyo ni miligramu 10 tu, kiasi cha robo ya tone la maji. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kipimo hicho hapana budi kitolewe mara 3,000 kila dakika, tena bila kukosea. Hapo ndipo inapodhihirika kazi ngumu ya kabureta na ya injekta.

KABURETA HUPIMAJE?

Kabureta haina akili. Hutegemea kanuni ya maumbile. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha maelezo ya uhusiano uliopo kati ya mwendo wa kiowevu na kanieneo yake, yaani msukumo wake juu ya kila kipande cha eneo. Mwaka 1797 Giovanni Battista Venturi alieleza yatokeayo kiowevu kinapopita mahali penye koo jembamba: mwendo huongezeka na kanieneo hupungua. Hewa ipitayo kwenye koo la kabureta hufanya hivyohivyo. Kanieneo ya hewa iliyo juu ya bakuli la petroli, ikiwa kubwa kuliko ile ya kooni, huisukuma petroli ipite katika tundu la jeti na kuingia katika mkondo wa hewa.

Kabureta ya pikipiki ina njia kadhaa, na kila moja hutawala sehemu yake ya mzunguko wa mpini wa mafuta. Injini ikiwa imetulia, hali ambayo mafundi huiita sailensa, petroli hupitia jeti ndogo na hurekebishwa kwa skrubu ya mchanganyiko. Kutoka robo hadi robo tatu ya mpini, kipimo hutawaliwa na sindano iliyochongoka inayopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Kutoka robo tatu hadi mwisho, mtawala ni jeti kuu. Kwa hiyo ni kosa kubadili jeti kuu ili kuponya ugonjwa wa sailensa, au kuzungusha skrubu ya sailensa ili kuponya udhaifu wa mpini uliofunguliwa wote.

Kuhusu jeti, jambo moja halina budi kusisitizwa. Petroli ipitayo katika tundu hufuata eneo la tundu, na eneo hufuata mraba wa kipenyo. Tundu la milimita 1.00 likitanuliwa kuwa milimita 1.05, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 5 tu, lakini eneo limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Ongezeko hilo latosha kuutoa uwiano kutoka 13 hadi chini ya 12. Mtu atanuaye jeti kwa waya hawezi kujua ameongeza kiasi gani, wala hawezi kukirudisha alichokitoa.

INJEKTA HUPIMAJE?

Injekta ni vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Pampu iliyomo ndani ya tangi huisukuma petroli kwa kanieneo isiyobadilika sana, ambayo katika pikipiki nyingi ni takriban mara tatu ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Maadamu kanieneo haibadiliki, kiasi cha petroli hutegemea muda ambao vali iko wazi. Kama injekta fulani hutoa miligramu 2 kwa kila milisekunde, basi miligramu 10 zitahitaji milisekunde 5. Kupima petroli kumegeuka kuwa kupima wakati.

Muda huo huamuliwa na kompyuta ya injini, ambayo gereji huitwa kontroli boksi. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa vihisi: mmoja huonyesha mpini umefunguliwa kiasi gani, mwingine kasi ya mzunguko wa injini, mwingine joto la hewa, mwingine joto la injini, na katika pikipiki nyingi kuna pia kihisi cha kanieneo ya hewa iingiayo. Habari hizo hulinganishwa na jedwali lililohifadhiwa kiwandani, nalo husema: kwa mpini huu na kasi hii, fungua kwa milisekunde kadhaa.

Pikipiki nyingi za namna hii zina kihisi cha oksijeni kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Kikishapata joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi, hutoa volti 0.1 hivi moshi unapobaki na oksijeni, yaani mchanganyiko ukiwa mwepesi, na volti 0.9 hivi mchanganyiko ukiwa mzito. Kwa ushahidi huo kompyuta husahihisha kipimo chake. Lakini yafaa ieleweke kwamba usahihisho huu hufanyika katika mwendo wa wastani tu. Mpini unapofunguliwa wote, kompyuta nyingi huacha kumsikiliza shahidi huyo na kufuata jedwali peke yake. Tena usahihisho una mpaka wake. Hauwezi kufidia kasoro ya kiasi chochote.

Faida moja ya injekta huonekana katika safari ndefu. Hewa ya Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ile ya usawa wa bahari katika joto lilelile. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Kibiti ikipelekwa huko itakuwa na mchanganyiko mzito, kwa kuwa jeti haijui habari za mwinuko. Pikipiki ya injekta yenye kihisi cha kanieneo hujirekebisha yenyewe.

MABADILIKO HUFANYA NINI?

Bomba la moshi lililo wazi hupunguza kizuizi cha moshi kutoka. Silinda huweza kujaa hewa zaidi katika baadhi ya kasi, na pengine kujaa kidogo zaidi kuliko awali katika kasi nyingine, kwa sababu mawimbi ya moshi ndani ya bomba hutegemea urefu na umbo lake. Kelele huongezeka daima. Nguvu haiongezeki daima. Pale hewa inapoongezeka bila petroli kuongezwa, mchanganyiko huwa mwepesi.

Hapa ndipo ilipo hatari. Injini inapobeba mzigo mkubwa, petroli ya ziada huchukua joto inapogeuka kuwa mvuke, na hivyo hupoza chumba cha mwako. Ikipungua, joto la vali ya moshi na la kichwa cha pistoni hupanda, na mchanganyiko huweza kulipuka wenyewe kwa ghafla badala ya kuungua kwa utaratibu. Fundi husikia mlio wa kugonga kama kokoto ndani ya kopo. Kwa pikipiki ya injekta madhara haya hujificha zaidi. Kwenye lami tambarare kihisi cha oksijeni husahihisha, na dereva huridhika. Lakini chombo kikiingia katika mchanga kikiwa na abiria na gunia la mpunga, mpini ukafunguliwa wote, usahihisho huo hukoma, na injini huunguzwa na mchanganyiko mwepesi katika saa yake ya taabu.

Ama kuhusu chujio la hewa, kuliondoa ni hasara isiyo na kifani. Zile mita 28 za ujazo za hewa ya kila siku, wakati wa kiangazi katika barabara ya mchanga, hubeba vumbi lenye chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha silinda. Chembe hizo huchanganyika na oili na kufanya kazi ya msasa kati ya silinda na ringi za pistoni. Hakuna jeti wala kompyuta iwezayo kufidia uchakavu huo. Anayetaka hewa zaidi na asafishe chujio mara kwa mara. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. Chujio la karatasi hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa.

KABLA YA KUGUSA SKRUBU

Magonjwa mengi yanayodhaniwa kuwa ya mlisho wa petroli chanzo chake ni kingine. Kwa hiyo fundi mwangalifu huanza kwa kuondoa mashaka yafuatayo.

Kwanza ni petroli yenyewe. Petroli iuzwayo kwenye chupa kando ya njia huweza kuwa na maji, kutu au vumbi, na ikikaa siku nyingi sehemu zake nyepesi huruka na kubakiza zile zisizowaka upesi. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, maji katika matangi si jambo la kubuni. Njia ya kuyatambua ni rahisi: petroli kidogo kutoka chini ya tangi au bakuli la kabureta hutiwa katika chupa angavu na kuachwa itulie. Maji, yakiwa mazito kuliko petroli, hukaa chini na mstari wa mpaka huonekana. Kuhusu kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ulaghai ambao ulikuwa miongoni mwa sababu za EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, ikumbukwe kwamba mafuta ya taa hugonga kwa urahisi katika injini ya petroli. Kurekebisha mchanganyiko kwa petroli ya namna hiyo ni kupima kwa rula iliyopinda.

Pili ni uvujaji. Hewa ikipenya kati ya kabureta na kichwa cha silinda, mchanganyiko utakuwa mwepesi hata jeti ikiwa sahihi. Vilevile, bomba jipya la moshi lisipokaza vizuri kwenye kichwa cha silinda, hewa ya nje huingia na kukidanganya kihisi cha oksijeni. Kihisi kitaripoti wepesi usiokuwapo, na kompyuta itaongeza petroli isiyohitajika.

Tatu ni mambo ya umeme na vali: plagi iliyochoka, nafasi ya vali iliyobana, na betri dhaifu. Betri ni muhimu sana kwa injekta, kwa sababu umeme ukiwa hafifu vali yake hukawia kufunguka, na petroli hupungua.

KUREKEBISHA KABURETA NYUMBANI

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi, spana ya plagi, jeti mbili tatu zilizonunuliwa zikiwa na namba zake, chupa yenye alama za ujazo, na daftari. Kifaa cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho chenye thamani kubwa. Kila badiliko liandikwe, na libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

1. Injini ipashwe joto kwa safari fupi. Skrubu ya mchanganyiko izungushwe ndani taratibu hadi iguse mwisho, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa. Kisha irudishwe nje mzunguko mmoja na nusu.

2. Injini ikiwa katika sailensa, skrubu izungushwe kwa robo ya mzunguko kila mara, hadi mlio uwe wa kasi na wa utulivu kuliko wote. Hatimaye kasi ipunguzwe kwa skrubu ya sailensa. Skrubu iliyo upande wa injini kwa kawaida hutawala petroli, na kuifungua huongeza uzito wa mchanganyiko. Ile iliyo upande wa chujio hutawala hewa, na kuifungua huupunguza uzito huo.

3. Kwa mwendo wa nusu ya mpini, choki ivutwe kidogo sana kwa muda mfupi. Injini ikipata nguvu, mchanganyiko ulikuwa mwepesi, na sindano inyanyuliwe kwa kushusha klipu yake ngazi moja. Injini ikizidi kudhoofika, uwiano u sahihi au ni mzito.

4. Katika barabara iliyo wazi na salama, mpini ufunguliwe wote, kisha urudishwe kidogo. Injini ikichangamka mpini unaporudishwa, jeti kuu ni ndogo. Iongezwe namba moja tu na jaribio lirudiwe.

5. Mwisho plagi itazamwe baada ya mwendo wa mzigo. Masizi meusi makavu huonyesha uzito. Weupe wa chokaa na chembe zilizoyeyuka huonyesha wepesi na joto la hatari. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo itakiwayo. Hata hivyo, rangi za plagi zilizoelezwa katika vitabu vya zamani zilitokana na petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006. Kwa petroli ya sasa rangi huchelewa kujitokeza, hivyo isiwe ushahidi wa pekee.

Jaribio la matumizi ya petroli litathibitisha kazi yote. Kipimo cha nusu lita kitumike katika barabara ileile, kwa mzigo uleule, kabla na baada ya marekebisho, na kilomita zilinganishwe.

KUREKEBISHA INJEKTA NYUMBANI

Katika injekta hakuna skrubu ya kuzungusha. Kazi huanza kwa kuisoma kompyuta. Katika pikipiki nyingi taa ya onyo humweka kwa hesabu maalumu, na hesabu hiyo, ikilinganishwa na kitabu cha chombo, hutaja kihisi chenye kasoro. Kasoro hiyo iondolewe kwanza. Kama bomba jipya la moshi halina tundu la kihisi cha oksijeni, lisifungwe. Kihisi kikiachwa kikining'inia, kompyuta hupoteza shahidi wake.

Baada ya hapo hapana budi uwiano upimwe. Kihisi cha kawaida hutambua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7. Ili kujua kama ni 12.5 au 14, huhitajika kihisi cha upana, ambacho huonyesha namba kamili na huweza kumilikiwa kwa pamoja na mafundi wa kijiji kimoja. Kipimo kichukuliwe katika kila eneo la mpini na kasi, kisha muda wa injekta urekebishwe kwa kisanduku cha nyongeza au kwa programu inayoruhusu jedwali kubadilishwa.

Hesabu yake ni nyepesi, lakini ina mtego. Na ichukuliwe kwamba mpini ukiwa wazi wote uwiano uliopimwa ni 14.3, na unaotakiwa ni 13. Ukigawanya 14.3 kwa 13 utapata 1.1, yaani petroli iongezwe kwa asilimia 10. Lakini si muda wote wa injekta unaotoa petroli: takriban milisekunde 1 ya mwanzo hupotea vali ikiwa inafunguka. Kama muda wote ni milisekunde 6, ni milisekunde 5 tu zenye kazi. Asilimia 10 ya 5 ni 0.5, hivyo muda mpya uwe 6.5. Anayezidisha 6 kwa 1.1 atapata 6.6, kosa dogo. Katika sailensa mambo hugeuka. Muda wote ukiwa milisekunde 2, wenye kazi ni 1 tu. Anayeongeza asilimia 10 ya 2 ataweka 2.2, na petroli itaongezeka kwa asilimia 20 badala ya 10. Ndiyo sababu pikipiki nyingi zilizorekebishwa kwa haraka hukimbia vizuri lakini huzima zikisimama.

Wapo wanaofunga rezista kwenye waya wa kihisi cha joto ili kompyuta idhani injini ni baridi na iongeze petroli. Njia hii haifai. Huongeza petroli kila mahali, hata isipohitajika, na petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia katika oili ya injini.

TAHADHARI

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuweza kufika jikoni kabla mtu hajaunusa. Huwaka hata petroli yenyewe ikiwa baridi. Kwa hiyo kabureta isifunguliwe karibu na jiko, kibatari wala sigara, wala ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa makuti. Ndoo ya mchanga mkavu iwepo karibu, kwani maji hueneza moto wa petroli. Katika injekta, kanieneo ya petroli itolewe kwanza kabla ya kufungua bomba lolote, kwa maana petroli yaweza kuruka machoni.

Injini isiendeshwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mchanganyiko mzito hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huhisi kichwa kuuma, kisha usingizi, na asipotolewa nje hufa.

HITIMISHO

Yaliyoelezwa yaonyesha kwamba nguvu ya injini haitoki katika kelele za bomba wala katika ukubwa wa jeti, bali katika uwiano wa hewa na petroli. Anayebadili upande mmoja wa uwiano huo amejitwika wajibu wa kuubadili na upande wa pili, kwa kipimo. Asiyeweza kupima, heri arudishe bomba na chujio vya kiwandani, kwa kuwa wahandisi waliovitengeneza walikwisha kupima kwa ajili yake. Lakini fundi mwenye daftari, bisibisi na subira, hata akiwa chini ya mwembe huko Ngorongo, aweza kuifanya kazi hii kwa usahihi. Mlisho ulio sahihi huokoa petroli, huongeza umri wa pistoni na vali, na humfikisha mgonjwa zahanati bila injini kuzimika njiani katikati ya usiku.